Kuanguka Vizuri

Mke wangu alinikuta nikiuambia ukuta kwamba mimi si baba wa watoto wangu. Ilikuwa alfajiri, jogoo wa jirani ameshaanza fujo zake, na mimi nimekaa chini nyuma ya nyumba, miguu mitupu, uso nimeuelekeza kwenye ukuta wa matofali ambao tangu tujenge hatujaupiga sementi. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, sufuria mkononi, na amesikia yote.

Niseme mapema kwamba sikuwa na wazimu, wala sikuwa nimelewa. Pombe sinywi. Nilikuwa nimesoma kitabu.

Nilikinunua kwa mtu anayetandika vitabu vikuukuu juu ya gunia pembeni ya soko la Kikula, mtaa wetu hapa Likasi, kati ya wauza viatu na wauza chumvi. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'olewa, labda mtu alifungia karanga, kwa hiyo hadi leo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika. Kilikuwa cha Kifaransa, romani, ndivyo tunavyoita huku riwaya. Mimi nina kabini ya simu hapo sokoni: meza, mwavuli na simu zangu. Nauza yunite za kupigia simu, natuma pesa za watu, nawapokelea za kwao. Mchana jua likiwaka wateja wanapungua, na mtu akikaa bure anasinzia na kuibiwa. Nilikinunua kwa sababu hiyo tu, nisisinzie.

Riwaya yenyewe ilimhusu afisa wa forodha. Kila siku anakaa mpakani, anagonga mihuri, anawauliza wasafiri swali lile lile: unatoka wapi, unakwenda wapi? Anazeeka hivyo. Siku moja bibi mmoja mwenye mzigo kichwani anamrudishia swali: na wewe, mwanangu, unakwenda wapi? Afisa anampisha bibi bila kumgongea muhuri, anavua kofia, anaiweka mezani, anaondoka kwa miguu. Kuanzia hapo kitabu chote ni safari yake ya kujitafuta. Kila anapolala anaacha kitu kimoja cha kwake: cheo, ukoo, jina. Katika sura moja anafika kwenye nyumba iliyohamwa, na kila alfajiri anakaa mbele ya ukuta na kutaja kwa sauti yote ambayo si yeye. Mimi si afisa. Mimi si mtoto wa fulani. Mimi si mume wa mtu. Mimi si baba wa mtu. Akiisha kuyaondoa yote, ananyamaza, anangoja aone nini kimebaki.

Mwenzangu, kile kitabu kilinishika kooni. Mwaka wa mwisho wa sekondari nilipenda somo la filozofia kuliko chakula, na mwalimu alikuwa akinisifu mbele ya darasa. Baba alifanya kazi kwenye madini, na kampuni ilipoacha kulipa, habari ya chuo kikuu ikaishia hapo. Nikawa mtu wa kabini. Tangu asubuhi hadi jioni swali langu ni moja: namba gani, kiasi gani? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi ninakwenda wapi. Nilipofika pale bibi anapomuuliza afisa, nilifunga kitabu nikalia, na mama mmoja aliyekuja kununua yunite akaniuliza kama nimefiwa.

Ningeishia kulia tu, isingekuwa kitu. Tatizo ni kwamba nilianza kuvimba kichwa. Mke wangu akisema unga umekwisha, mimi namuuliza kwisha ni nini. Binti yetu mdogo alikuja siku moja kuniomba biki, kalamu ya kwenda nayo shule, nikamtazama kwa macho ya mtu mwenye hekima, nikamuuliza, “Nani anayetaka biki?”

“Ni minye, papa,” alisema. “Minye njo nataka.”

“Na huyo minye ni nani?”

Mtoto alinitazama, akaenda kumwomba mama yake. Nikikumbuka hilo, hata nikiwa peke yangu, nafunika uso kwa mikono. Lakini wakati ule nilijiona nimepiga hatua. Ndipo nikaanza mambo ya ukuta.

Basi alfajiri ile mke wangu hakupiga kelele. Si mtu wa kelele. Aliweka sufuria chini, akakoka makaa, akachemsha maji, akanitilia sukari kwenye chai kama siku zote. Nilikunywa nimeinamisha kichwa. Ningemweleza wakati ule ule, kwa maneno mawili matatu, pengine yangekwisha. Lakini nilijisemea kwamba hataelewa. Mtu aliyemaliza masomo yake kama mimi, anayeshika mambo haraka kuliko mimi, mimi nakaa namwona hataelewa.

Wiki ile ile binti yetu akapata homa.

Kwa mtu wa mbali homa ni homa, na malaria tunaipata kila mwaka. Lakini mji wetu unaishi kwa mashimo ya watu wanaochimba kwa mikono yao, na kuna habari ambazo kila mtoto wa Likasi amekua akizisikia. Mtu anautaka utajiri wa madini, anakwenda kwa wenye dawa, wanampa sharti: ukane watu wako. Unawakana kwa mdomo wako, jua halijatoka, na yule uliyemkana anaanza kuugua; tunasema umemuuza. Sijui kama yupo aliyeliona hilo kwa macho. Ila kanisani kwetu kukana ni neno zito. Anayeokoka anamkana shetani kwa sauti, mbele ya watu, na tunaamini kwamba kilichosemwa kwa mdomo kimeshika. Sasa mke wangu amemsikia mumewe, gizani, akiwakana watoto. Alitakiwa afikiri nini? Ningemsikia jirani anasema vile, hata mimi ningekwenda mbio kwa pasta.

“Papa, minye niliskia na masikio yangu,” mke wangu aliniambia tukiwa zahanati, mtoto amelala mapajani mwake, mrija wa dawa mkononi. “Ulisema hauko bwana ya muntu. Ulisema hauko baba ya batoto. Sasa minye niko muke ya nani?”

“Ni mambo ya ku buku, mama. Ni romani tu.”

“Buku gani inafundisha muntu kukatala batoto?”

Nilifungua mdomo nimweleze habari ya afisa wa forodha. Nikamwona mtoto, midomo imemkauka na kupasuka, nikailowesha kwa kitambaa. Hadithi yote ilionekana upuuzi mtupu.

“Siku ya Mungu yenye inakuja utasimama mbele ya kanisa, bakuombee,” alisema. “Kama hautaki, minye na batoto tunarudia kwetu, Kamatanda. Haiko kasirani, papa. Niko na woga.”

Woga wenyewe ulikuwa wa kuniogopa mimi. Tumeoana tukiwa hatuna hata kitanda, tumejenga tofali kwa tofali, na hakuwahi kuniogopa hata siku moja. Sasa nikisimama ghafla, mkono wake unamfunika mtoto. Hata mtoto alipopona, tukarudi nyumbani, nilisikia mlango wa chumba cha watoto ukifungwa kwa ndani. Na nilijua kwamba akisema anakwenda Kamatanda, anakwenda kweli, na ndugu zake hawatamrudisha kwa mtu anayesemwa hivyo.

Kwa asiyejua, nieleze tunavyoombewa. Pasta anaweka mkono kwenye paji la uso wako, kanisa linaimba, nguvu zinashuka, unakwenda chini. Nyuma yako wanasimama watu wa protokole, wale wanaopanga viti na kupokea wageni, wakudake usiumie. Kuanguka ndiyo alama kwamba kilichokuwa ndani kimetoka. Usipoanguka, bado unacho. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa fupi. Nikisimama bila kuanguka, mke na watoto wanaondoka. Nikijiangusha, nimekubali mbele ya Kikula nzima kwamba nilitaka kumuua mtoto wangu kwa ajili ya madini.

Nikaamua sitajiangusha. Nitaomba mikro, nitazungumza kama mtu mzima. Wiki nzima chini ya mwavuli wangu nilikuwa napanga maneno: ndugu zangu, hiki ni kitabu, mtu kujiuliza yeye ni nani si dhambi, na Mungu mwenyewe ametupa akili ya kuulizia. Yalikuwa maneno mazuri. Niliyasema kimoyomoyo mpaka nikawa nakosea namba za wateja. Nilijiona nimesimama wima mbele ya watu, mtulivu, kama yule afisa anapoweka kofia mezani. Na kusema kweli, sehemu yangu moja ilikuwa inaingoja Jumapili kwa hamu.

Pasta wetu ni mchomeleaji wa vyuma siku za kazi, mikono yake imejaa alama za moto, na ni mtu mpole. Wanaotaka nimseme vibaya watanisamehe, sina ubaya wa kumsema. Aliniita mbele kwa upole, akanishika bega. “Ndugu yetu, usiogope,” alisema. “Hapa haiko tribinali. Sema tu yenye iko ndani ya roho.” Akanipa mikro. Sikuwa hata na haja ya kuiomba.

Niliwageukia watu. Sijui nilitarajia nini, wageni labda. Walikuwa wateja wangu. Yule mama aliyeniuliza kama nimefiwa alikuwa pale, kijana wa mikate alikuwa pale, jirani mwenye jogoo alikuwa pale na miwani yake. Kwenye benchi la mbele mke wangu amempakata binti yetu, aliyevalishwa soksi nyeupe na kupakwa mafuta usoni mpaka anang'aa. Wote wananitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza. Kama wangenizomea ningepata nguvu.

“Nilikuwa nasoma romani,” nilisema kwenye mikro.

Nyuma mtu akacheka kidogo, wenzake wakamnyamazisha. Romani kwetu ni kitu cha wanafunzi. Mwanaume mwenye watoto, anayesingiziwa mauti, anasimama mbele ya madhabahu na kusema alikuwa anasoma romani. Nilisikia jinsi neno lile lilivyotoka kwenye spika, jembamba, la kitoto. Yale maneno yangu mazuri yote, ya akili na ya Mungu, sikupata hata moja. Nilimrudishia pasta mikro.

Akaniwekea mkono. Korale ikaanza wimbo wa polepole, kinanda kikafuata, na bati lilikuwa limeshashika moto maana ilikuwa karibu saa sita. Nilikaza magoti. Pasta anaomba, nimesimama. Anaomba tena, jasho lake linanidondokea, nimesimama. Wimbo ulikwisha wakaurudia, ukakwisha tena wakaurudia. Wanawake wakaanza kupunga vitambaa kwa joto. Nikasikia mke wangu analia, si kilio cha kanisani, kilio chake halisi, kile alicholia alipofiwa na mama yake. Nilifungua macho kidogo nikamwona ameanza kukusanya vitu: chupa ya maji, mkoba, kiatu cha mtoto kilichomtoka mguuni. Anafunga safari pale pale kwenye benchi.

Nikageuza shingo kidogo nione kama nyuma kuna mtu wa kunidaka. Alikuwepo. Nikalegeza magoti, nikaenda chini.

Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Nililala sakafuni, sementi ya baridi mgongoni, nimefumba macho, na nilichokuwa nafikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba sijui mtu aliyekombolewa hulala muda gani. Niliogopa kuamka mapema. Nikalala. Nikajikuna pua nikidhani hawanioni.

Baadaye kila mtu alinikumbatia. Unajua ni kitu gani kusamehewa kwa kosa la kutaka kumuua mtoto wako? Wanaume walinipiga mgongoni. Yule mama wa yunite alinishika mashavu akalia. Hakuna aliyenichukia, na hicho ndicho nisichoweza kukizoea. Jioni pasta alipita nyumbani na mashemasi, wakaomba kile kitabu wakichome uani kama tunavyochoma vitu vya kuzimu. Nilikwenda kukitoa mwenyewe chini ya godoro. Zilibaki kurasa chache nimalize. Sijui afisa alifika wapi, na kwa jinsi nilivyokitoa haraka haraka, bila kuulizwa mara ya pili, nadhani sistahili kujua.

Siku ile mke wangu alipika bukari, ugali wetu, na samaki mbichi asiyekaushwa, akanikalisha, akaninawisha mikono yeye mwenyewe. Binti yetu alikaa karibu yangu kwa mara ya kwanza tangu homa. Alikula, akanitazama, akala tena.

“Papa,” alisema, “hautaniuza tena?”

“Hapana, mama,” nilimjibu. “Sitakuuza tena.”

Tena. Mimi mwenyewe nililitamka, tonge mkononi. Neno lile silisahau, na yeye najua hatalisahau. Atakua, ataolewa, na atamweleza mumewe kwamba baba yake aliwahi kutaka kumuuza, halafu Mungu akamzuia. Nitamkanushia kwa kinywa kipi?

Na nyumbani sasa kuna raha. Nisidanganye, hatujawahi kupendana kama miezi hii. Mlango wa watoto haufungwi tena. Mke wangu ananicheka, ananiletea chakula sokoni, ananisifu kwa dada zake wa Kamatanda kwenye simu huku nimekaa hapo hapo nasikia. Nakula, nalala vizuri, nanenepa. Kila kizuri nilicho nacho kimesimama juu ya magoti yale niliyoyalegeza. Ningekuwa na mateso kidogo ingenisaidia, lakini wapi.

Nilijaribu kumwambia. Alikuwa anamsuka binti yetu nje, mchana, tumetulia. Nikasema, “Mama, ile siku nilianguka mwenyewe. Hakuna kitu kiliniangusha.”

Mkono wake ulisimama kwenye nywele. Kisha akatabasamu kwa huruma nyingi. “Ni shetani eko nakudanganya sasa,” alisema. “Anataka akunyanganye ushindi yako. Utaona, tutaomba.” Jumapili iliyofuata akasimama, akatoa ushuhuda jinsi adui anavyonisumbua kwa mashaka, na jinsi ninavyoshinda. Watu wakapiga makofi. Tangu hapo sijasema tena, maana kila ninachosema kinaongezwa kwenye sifa zangu.

Ndipo wakaniweka protokole. Pasta alisema mtu aliyepita njia ile ndiye anayejua kuwapokea wengine. Nikapewa beji na shati jeupe. Kazi yangu ni kusimama nyuma ya anayeombewa, mikono wazi.

Na ninaifanya vizuri, hilo ndilo la kushangaza. Nimewajua watu kwa migongo yao. Wapo wanaojiangusha kwa adabu tu, nawajua mapema: magoti yanalegea kwanza, na shingo inageuka kidogo. Hao nawashika, tunalindana, hakuna anayesema kitu. Lakini wapo wengine. Kuna bibi mmoja muuza mboga aliyenielemea mara moja kama gunia la unga, mwili wote, nikaenda naye hadi chini. Alilala kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwa mtu mzima. Alipoamka alinishukuru, macho yake safi. Nilikwenda nje nikasimama nyuma ya choo. Kama wote wangekuwa waongo ningeweza kuishi nayo. Kumbe kuna kitu kweli, kinawapata watu kweli, wauza mboga, na mimi niliyetaka kujua maana ya maisha nilikiiga tu ili nisikimbiwe na mke.

Jumapili iliyopita ndugu wawili walimleta dada yao. Mwalimu wa shule ya msingi, msichana mwembamba wa miaka ishirini na kitu, nywele fupi. Walieleza mbele ya kanisa: amekataa posa ya mtu mzuri bila sababu. Akitoka shule hapiti nyumbani, anatembea mpaka njia ya Buluo, anakaa peke yake juu ya mawe hadi jua linazama. Hasemi na mtu. Wamemfuata wakamkuta amekaa tu. Wakimuuliza anafanya nini kule, anasema anafikiri.

“Anafikiri nini?” pasta aliuliza kwa upole wake ule ule.

“Bado sijajua,” msichana alijibu. “Njo maana narudia.”

Watu wakaguna. Mimi nilikuwa nyuma yake tayari, mikono wazi, na nililisikia jibu lile vizuri. Hakutetemeka. Hakutafuta maneno mazuri. Alisema lile moja, likatosha.

Pasta akamwekea mkono. Korale ikaimba. Niliutazama mgongo wake, nikangoja magoti. Hayakulegea. Visigino vyake viwili vilikuwa pamoja sakafuni, havisogei. Wimbo ukarudiwa, ukarudiwa. Mama yake, kwenye benchi la mbele, akaanza kulia, na ndugu zake wakamsogelea, mmoja kushoto, mmoja kulia. Kila mtu mle ndani alikuwa anamsukuma kwa macho. Nilijua kwamba ni mimi peke yangu ninayejua kwamba hana kitu chochote ndani cha kutolewa. Ningesema neno moja sikioni mwake, simama, lingemtosha. Hata bila neno, ningeshusha mikono nikasogea kando, angejua.

Nilimwinamia sikioni.

“Anguka tu, dada,” nilimwambia. “Itakwisha. Niko nyuma yako.”

Aligeuza kichwa. Alinitazama, shati jeupe, beji, akasema polepole, asisikie mwingine, “Na weye, ulianguka?”

“Njo,” nilimkubalia. “Nilianguka.”

Alifikiri kidogo. Kisha magoti yakalegea, akaja nyuma, mwepesi, hana hata uzito, nikamdaka chini ya makwapa na kumlaza. Kanisa likalipuka. Vigelegele, kinanda, mama yake amepiga magoti. Yeye hakufumba macho. Alilala pale ananitazama mimi tu, hana hasira, ananitazama kama mtu anayetaka kunikumbuka vizuri.

Wanawake wakianguka tunawafunika kikwembe, kitenge cha kusitiri miguu, nguo isije ikapanda. Mwenzangu wa protokole alinirushia. Nilikikunjua. Nikamfunika uso.